Gharama ya kufunga kisima itengwe gesi ingali ikitoka

Watu wa Makongolosi, katika Wilaya ya Chunya, hawana bahari. Kutoka kwao hadi kisiwa cha Songo Songo, katika Wilaya ya Kilwa, ni zaidi ya kilomita 600. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kudhani kwamba habari za visima vya gesi vilivyomo baharini ni habari za watu wa Kilwa, Lindi na Mtwara peke yao, na kwamba mtumishi wa serikali wa Mbeya au mwalimu wa Iringa hana haja ya kuzifuatilia.

Dhana hiyo si sahihi. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya umeme uliopita katika nyaya za gridi ya Taifa ulitokana na gesi asilia, na umeme huo haukubagua mkoa. Lakini iko sababu nyingine iliyo kubwa zaidi. Makongolosi na eneo zima la Lupa ni mahali ambapo Taifa limekwisha kuona kwa macho yake jinsi mali ya ardhini inavyofunguliwa kwa shangwe na kufungwa kimya kimya. Somo hilo lililipiwa gharama kubwa. Lingekuwa jambo la kusikitisha kama lingebaki Chunya wakati ambapo linahitajiwa pwani.

Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1920, chini ya utawala wa Waingereza. Katika miaka ya 1930 wachimbaji wa kigeni walimiminika katika mito na mabonde ya eneo hilo, na vijana kutoka Rungwe na wilaya za jirani walikwenda huko kuuza nguvu zao kwa ujira mdogo. Mgodi wa Saza, ambao sasa umo katika Mkoa wa Songwe, ulizalisha dhahabu tangu mwaka 1939 hadi 1956, na ulikuwa mmoja wa migodi mikubwa ya Tanganyika. Kisha hesabu za wenye mgodi zikaonyesha kwamba gharama imeipita faida. Wakafunga, wakaondoka.

Waliondoka na dhahabu, lakini mashimo waliyaacha. Walisahau pia malundo ya mchanga uliokwisha kusagwa, ule ambao wachimbaji wadogo huuita marudio. Zebaki iliyotumika kukamatia dhahabu haikuondoka pamoja na meneja wa mgodi. Kwa tabia yake zebaki hukaa katika udongo na katika matope ya mito kwa muda mrefu. Katika zama zile haikuwa desturi ya mwenye mgodi kuweka fedha kando, wakati dhahabu ingali ikitoka, kwa ajili ya kufukia na kusafisha. Kwa hiyo ilipofika siku ya kufukia, mwenye fedha alikuwa amekwenda zake na aliyebaki hakuwa na fedha.

Hilo ndilo jambo la kushika. Kasoro ya Lupa haikuwa kwamba dhahabu ilipungua, kwa maana hakuna mali ya ardhini isiyopungua. Kasoro ilikuwa kwamba gharama ya mwisho haikuhesabiwa mwanzoni.

Gesi ya pwani

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, katika kisima kilichochimbwa na kampuni ya AGIP ya Italia. Miaka minane baadaye, yaani 1982, ikagunduliwa Mnazi Bay, Mtwara. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, lililoundwa mwaka 1969, liliendelea kuchimba visima vya kuthibitisha kiasi cha gesi hiyo. Katika miaka ya 1980 ulikuwapo mpango wa kujenga Kilwa kiwanda cha amonia ya kutengenezea mbolea kutokana na gesi ya Songo Songo. Mpango huo ungewagusa moja kwa moja wakulima wa mahindi wa Mbeya na Iringa, lakini kiwanda hakikujengwa. Gesi ilikaa chini ya ardhi miaka 30 kabla ya kufika sokoni.

Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kusafirishwa kwenda Dar es Salaam kwa bomba linalopita chini ya bahari kiasi cha kilomita 25 hadi Somanga Fungu, kisha nchi kavu kwa kilomita 207 hadi Ubungo. Baadhi ya visima vyake vimo kisiwani na vingine vimo baharini. Mwaka 2015 bomba kubwa la Taifa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa, na gesi ya Mnazi Bay nayo ikapata njia ya kufika kwenye mitambo ya umeme ya jiji hilo.

Tangu mwaka 2010 ukafunguliwa ukurasa mwingine, wa bahari ya kina kirefu. Kisima cha kwanza kilichopata gesi humo kiliitwa Pweza. Kikafuatwa na Chewa, Chaza, Jodari na Mzia, yote majina ya viumbe vya baharini. Katika kitalu cha pili, kilichokuwa mikononi mwa Wanorwe, visima vilipewa majina ya viungo vya chakula: Zafarani, Lavani, Tangawizi, Mdalasini. Jumla ya gesi inayokadiriwa kuwapo nchini ni zaidi ya futi za ujazo trilioni 57, na sehemu kubwa ya gesi hiyo imo katika maji yenye kina kirefu. Zafarani pekee iko mahali ambapo sakafu ya bahari iko zaidi ya meta 2,000 chini ya mawimbi. Mwaka 2022, mjini Dodoma, Serikali na kampuni husika zilitia saini makubaliano ya awali kuhusu mradi wa kuigeuza gesi hiyo kuwa kimiminika huko Likong'o, Lindi.

Habari hizi zimeandikwa sana na kuhubiriwa sana. Wananchi wamesikia habari za trilioni, za ajira, za viwanda. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia mitaani kwa sababu walihofu kwamba neema hiyo itapita mlangoni kwao bila kuingia ndani, na machafuko yaliyotokea yaligharimu maisha ya watu na mali. Ugomvi wote huo ulihusu swali moja tu: nani atafaidika gesi ikitoka? Swali la pili halijapata kuulizwa kwa nguvu kama hiyo: nani atalipa gesi ikiisha?

Kisima hufaje?

Kisima cha gesi hakifi kwa siku moja. Gesi hutoka kwa msukumo wa asili uliomo katika mwamba. Kadiri inavyotolewa, ndivyo msukumo unavyopungua. Utafika wakati ambapo mitambo ya kugandamiza gesi hufungwa ili kuisaidia kusafiri katika bomba, na hatua hiyo imekwisha kufikiwa Songo Songo. Baadaye maji huanza kupanda kisimani, kiasi cha gesi hushuka, na mwisho gharama ya kuendesha mitambo huzidi thamani ya kinachotoka. Hapo ndipo uzalishaji husimamishwa.

Lakini kusimamisha uzalishaji si sawa na kufunga bomba la maji jikoni. Chini ya ardhi gesi fulani hubaki, na kisima ni tundu lililotobolewa katika miamba iliyokuwa imeizuia gesi hiyo kwa mamilioni ya miaka. Tundu hilo lisipozibwa sawasawa, gesi hutafuta njia. Chuma cha kisima huliwa na kutu. Jambo hilo si la kinadharia: huko huko Songo Songo mabomba ya ndani ya baadhi ya visima vya baharini yalipata kutu, ikabidi visima visimamishwe, na mwaka 2015 ikafanyika kazi kubwa ya kuvikarabati. Kama kisima kinachoangaliwa kila siku na mafundi kinaweza kuugua hivyo, kisima kilichotelekezwa kitakuwaje baada ya miaka 50?

Kwa hiyo kazi ya kufunga ina taratibu zake. Kwanza gesi husukumwa irudi chini kwa kutumia kimiminika kizito. Kisha saruji humiminwa kisimani katika kina mbalimbali, si mahali pamoja tu, na kila kizibo hupimwa kabla ya kingine kuwekwa. Kichwa cha kisima hukatwa chini ya sakafu ya bahari ili nyavu za wavuvi zisinase. Mabomba husafishwa kwa ndani, kisha huondolewa au hufukiwa. Majukwaa ya chuma hukatwa vipande na kubebwa na meli maalumu. Mwisho wake eneo hilo hukaguliwa kwa miaka kadhaa ili kuhakikisha kwamba hakuna kinachovuja.

Katika kina cha meta 2,000 hakuna mpiga mbizi awezaye kufika. Kila kitu hufanywa na vyombo vinavyoongozwa kutoka melini, na meli za namna hiyo ni chache duniani na kodi yake ya siku moja ni fedha nyingi. Taifa ambalo halina meli hizo litazikodi kwa fedha za kigeni. Pwani ya Kilwa ina matumbawe na mikoko ambayo ndiyo maisha ya wavuvi, na visima vya Mnazi Bay vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Mahali kama hapo si mahali pa kufanya kazi nusu nusu.

Waliotangulia

Yako mataifa yaliyokwisha kufika mwisho huo, na mifano yao inafaa kutazamwa.

Uwanja wa gesi wa Kinsale Head, nje ya pwani ya kusini ya Ireland, uligunduliwa mwaka 1971. Gesi ilianza kutoka mwaka 1978 na ikasimama Julai 2020. Kwa miaka 42 uwanja huo ulihudumia viwanda na nyumba za nchi hiyo. Ulipokoma, visima vilizibwa na majukwaa yake mawili yakaondolewa katika miaka michache iliyofuata. Liko jambo moja la kuangaliwa hapo. Kampuni iliyoufungua, Marathon ya Marekani, siyo iliyoufunga. Iliuza hisa zake mwaka 2009 kwa kampuni tanzu ya Petronas ya Malaysia, na mzigo wa kufunga ukahama pamoja na mali. Bahati njema ni kwamba mnunuzi alikuwa na uwezo wa kuubeba.

Australia haikupata bahati hiyo. Meli ya kuzalishia mafuta iitwayo Northern Endeavour ilifanya kazi katika Bahari ya Timor tangu mwaka 1999. Ilipozeeka, kampuni kubwa iliyokuwa ikiimiliki iliiuza kwa kampuni ndogo. Kampuni hiyo ndogo ikafilisika, na mwaka 2020 Serikali ya Australia ikajikuta imeshika mkononi meli yenye kutu na visima visivyozibwa. Ilibidi mwaka 2022 Bunge la nchi hiyo lipitishe sheria ya kuzitoza kampuni nyingine zote za mafuta na gesi za baharini ili kulipia kazi ambayo hazikuhusika nayo. Na kabla ya hapo sheria ilikuwa imebadilishwa ili mmiliki wa zamani aweze kurudishwa kulipa, hata kama amekwisha kuuza.

Kwa upande wa Bahari ya Kaskazini, uwanja wa gesi wa Frigg, uliokuwa kati ya Norwe na Uingereza, ulizalisha gesi tangu mwaka 1977 hadi 2004. Sehemu za chuma ziliondolewa, lakini nguzo kubwa za saruji zilionekana ni hatari mno kuziinua, zikaachwa palepale baharini. Yaani hata mataifa tajiri, yenye meli na wataalamu, hayakuweza kuirudisha bahari jinsi ilivyokuwa. Hayakuwa yamefikiria, wakati wa kujenga, namna ya kubomoa.

Msomaji asidhani kwamba mambo ya kuuziana hisa yako mbali na Tanzania. Kisima cha Pweza kilichimbwa na Ophir pamoja na BG. Mwaka 2016 BG ilinunuliwa na Shell. Mwaka 2019 Ophir ilinunuliwa na Medco ya Indonesia. Haikupita hata miaka kumi tangu ugunduzi wa kwanza, na kampuni zote mbili zilizougundua zikawa hazipo tena kama kampuni zinazojitegemea. Mradi wa gesi huishi miaka 30 au 40. Ni nani awezaye kuapa kwamba jina lililotia saini mwanzoni ndilo litakalokuwapo mwishoni?

Gharama hulipwa na nani?

Hapa pana hesabu ambayo kila mtumishi wa umma anapaswa kuielewa. Katika mikataba ya kugawana uzalishaji, kampuni hutanguliza fedha zake, na gesi inapoanza kutoka kampuni hurudishiwa gharama zake kwanza kutoka katika gesi hiyo. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kati yake na Taifa. Utaratibu huo unaeleweka kwa gharama za mwanzo na za katikati. Lakini gharama ya kufunga huja wakati gesi imekwisha. Hapo hakuna tena cha kukata wala cha kugawana. Kama fedha hazikutengwa kabla, kilichobaki ni mambo mawili tu: ama kampuni ilipe kutoka mfukoni mwake, ikiwa bado ipo na ikiwa ina mfuko, au Hazina ilipe kutokana na kodi za wananchi ambao wengine, kama wale wa Makongolosi, hawajapata kuiona hata hiyo bahari.

Na Taifa si mtazamaji tu. TPDC ni mshirika katika miradi hiyo. Huko Mnazi Bay sehemu yake ilipanda kutoka asilimia 20 hadi 40, kutokana na mauziano ya hisa yaliyofanyika kati ya 2023 na 2024. Jambo hilo ni jema, kwa kuwa mwenye mali anaanza kuishika mali yake. Lakini mwenye asilimia 40 ya kisima ana asilimia 40 ya kaburi la kisima hicho pia. Furaha ya kumiliki na wajibu wa kufunga huandikwa katika karatasi moja.

Watumishi na walimu wanalijua jambo hili kuliko watu wengine, kwa maana wanaliishi kila mwisho wa mwezi. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake kwa ajili ya pensheni, na mwajiri wake huchangia asilimia 15. Hakuna anayengoja afike umri wa kustaafu ndipo aanze kutafuta kiinua mgongo, kwa sababu siku hiyo mshahara umekwisha kukoma. Wala michango hiyo haiachwi mikononi mwa mkuu wa idara kwa ahadi kwamba atailipa wakati ukifika. Huwekwa katika mfuko wenye sheria yake, bodi yake na hesabu zake. Kisima cha gesi nacho ni mtumishi. Kitastaafu. Michango yake ikatwe kingali kazini.

Sheria ipo

Haki inataka isemwe kwamba Taifa halijalala. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 ina masharti ya kufunga visima na kuondoa mitambo, na inataka uwepo mfuko wa fedha kwa ajili hiyo. Ipo Mamlaka ya Udhibiti wa Mkondo wa Juu wa Petroli, PURA. Mwaka huo huo wa 2015 zilipitishwa pia sheria ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi, na Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uziduaji. Mwaka 2017 Bunge lilitunga sheria iliyotamka kwamba maliasili ni mali ya wananchi milele. Katika karatasi, Tanzania iko mbele ya nchi nyingi.

Lakini sheria ni kama jembe: haliendi shambani lenyewe. Songo Songo na Mnazi Bay zilianza kabla ya sheria ya 2015, kwa mikataba ya zamani. Leseni ya kuendeleza Songo Songo ilitolewa mwaka 2001 kwa miaka 25, yaani hadi 2026. Mwisho wa kipindi cha leseni, uwe wa kuongezewa muda au wa kukabidhi, ndio mlango ambao masharti ya kufunga hupitia. Mlango huo ukipitwa bila hesabu kuwekwa mezani, itakuwa vigumu kuirudia baadaye, kwa sababu mwenye deni hana haraka ya kukumbushwa.

Mambo manne yanapasa kufanywa.

La kwanza, kila uwanja wa gesi uwe na makadirio ya gharama ya kuufunga, na makadirio hayo yapitiwe upya kila baada ya miaka michache, kwa maana bei ya meli na ya saruji haikai mahali pamoja. Hesabu ya mwaka wa kwanza haiwezi kulipa kazi ya mwaka wa 30.

La pili, fedha zitengwe kwa kadiri gesi inavyotoka, na ziwekwe mahali ambapo kampuni haiwezi kuzigusa ikifilisika, wala idara ya Serikali haiwezi kuziazima kwa shida ya mwaka. Ahadi iliyoandikwa katika vitabu vya kampuni si akiba. Akiba ni fedha iliyotoka mfukoni mwa mwenyewe.

La tatu, anayeuza hisa zake asivuliwe wajibu wa kufunga mpaka mnunuzi athibitishe kwamba fedha zipo. Australia ilijifunza jambo hilo baada ya kuumia. Hakuna sababu ya Tanzania kungoja iumie nayo.

La nne, kiasi kilichomo katika mfuko wa kila uwanja kitangazwe kila mwaka, kwa Kiswahili kinachoeleweka, sambamba na kiasi kinachotakiwa. Mwalimu wa shule ya sekondari Chunya aweze kuzisoma tarakimu hizo mbili, akatoa moja katika nyingine, akajua pengo ni kiasi gani. Kama pengo haliwezi kuelezwa kwa tarakimu mbili, basi liko jambo linalofichwa.

Wako watakaopinga

Watakuwapo wanaosema kwamba madarasa hayatoshi, zahanati hazina dawa, na kwamba ni anasa kuweka fedha zikae kimya kungojea mwaka ambao wengi hawatakuwa hai. Hoja hiyo haistahili kudharauliwa, kwa kuwa shida wanazozitaja ni za kweli. Mwalimu mwenye watoto 100 katika darasa moja hahitaji kuelezwa maana ya uhaba. Lakini fedha za kufunga kisima si fedha za ziada zilizobaki baada ya faida. Ni sehemu ya gharama ya gesi yenyewe, kama ulivyo mshahara wa fundi. Anayezitumia kwa dawati la leo hajengi dawati. Anakopa kwa mtoto aliyekaa juu ya dawati hilo, bila kumwuliza, na kwa riba asiyoijua.

Wengine watasema kwamba masharti makali yatawafukuza wawekezaji. Hoja hii ni dhaifu zaidi. Kampuni zinazochimba gesi katika Bahari ya Kaskazini hulazimishwa na sheria za huko kufunga visima vyao na kuondoa mitambo, na hazijakimbia. Kampuni inayokubali kusafisha nyuma yake ikiwa kwa wenzake wa Ulaya, na ikakataa ikiwa Kilwa, imekwisha kusema yenyewe jinsi inavyowathamini watu wa Kilwa. Kampuni ya namna hiyo ikiondoka mapema, Taifa limepata nafuu.

Bado kuna upande wa watu. Halmashauri zilizo karibu na gesi zimezoea kupata ushuru wa huduma kutoka katika kampuni hizo, kama Halmashauri ya Chunya inavyopata mapato kutokana na dhahabu. Fedha hizo hujenga vyumba vya madarasa na nyumba za waganga. Ni jambo jema, lakini afisa mipango anayeandika makisio yake kana kwamba gesi haina mwisho anawaandalia wenzake wa kesho aibu. Ushuru wa mali inayokwisha utumike kwa mambo yanayobaki: elimu, visima vya maji, miti ya korosho, mashua na barabara. Usitumike kuanzisha posho na shughuli ambazo zitahitaji kulipiwa daima.

Lupa yenyewe haikufa. Dhahabu bado ipo, na Makongolosi ya leo ni mji mdogo unaokua, wenye barabara ya lami, maduka na karasha zinazosaga mawe mchana na usiku. Wachimbaji wadogo wa huko wamerudi katika marudio ya wakubwa wa zamani na kupata riziki humo. Lakini dhahabu iliyoachwa inaweza kurudiwa na mtu mwenye sururu na karai. Gesi iliyovuja haikusanywi. Kisima kilichoziba nusu katika kina cha meta 2,000 hakingoji mchimbaji mdogo aje kukitengeneza. Kwa hiyo kosa ambalo Chunya imeweza kuishi nalo, pwani haitaweza.

Wajibu wa kulizuia kosa hilo hauko kwa mawaziri na wataalamu wa petroli pekee. Afisa wa Hazina anayepitia mkataba, mwanasheria wa wizara anayeandika kifungu cha mauziano ya hisa, mkaguzi wa hesabu anayeuliza fedha ziko benki gani, diwani anayepokea taarifa ya ushuru, mwalimu wa jiografia anayefundisha habari za madini ya Tanzania: kila mmoja ana mahali pake. Mwalimu huyo, anapoandika ubaoni mwaka ambao gesi iligunduliwa, aandike na swali la mwaka itakapokwisha, na awaambie wanafunzi wake wakokotoe ni kiasi gani kitengwe kila mwaka kuanzia sasa. Hesabu hiyo si ngumu. Ikifanywa leo ni ya kugawanya. Ikingojwa mpaka gesi iishe, itakuwa ya kutoa, na itatolewa katika mifuko ya watoto hao hao.